Betri, tangi la maji au barafu: umeme wa jua uhifadhiwe wapi?

SWALI: Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja wilayani Mpwapwa. Tuna paneli za sola zinazoendesha pampu ya kisima kirefu, taa na friji ya chanjo ya zahanati, pamoja na nyumba mbili za watumishi. Pampu ni ya kilowati 2.2, na kwa sababu ya foleni ya ndoo tunaiendesha pia usiku kwa saa 3 hivi. Matumizi mengine ya usiku ni kama uniti (kilowati-saa) 6, na friji peke yake inachukua 2 kati ya hizo. Betri zetu 8 za asidi, kila moja ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 200, zinakaa kwenye chumba cha pampu chini ya bati, na zimekufa kabla ya kutimiza miaka 2. Muuzaji anatushauri tununue za lithiamu, ambazo kwa ukubwa uleule bei yake ni mara 3. Fundi mwingine anasema tuachane na betri, tupandishe maji mlimani mchana na kuyashusha usiku yafue umeme, kama zinavyofanya nchi kubwa. Ipi ni bora?

JIBU: Ndugu Katibu, nakushukuru kwa kuandika swali lenye vipimo ndani yake, kwa kuwa bila vipimo hivyo ningekujibu kwa jumla tu, na majibu ya jumla ndiyo yanayovifanya vijiji vyetu vinunue betri mpya kila baada ya muda mfupi. Naomba tuanze na jambo ambalo nitalishikilia katika jibu lote: kila njia ya kuhifadhi umeme ina kazi yake, na kabla ya kuuliza ipi ni bora inatupasa tujue kinachohitajika usiku ni kitu gani hasa, kwa saa ngapi, na mara ngapi kwa mwaka. Mama anayekinga ndoo saa 2 usiku anahitaji maji yaliyokwisha kupandishwa, na wala hajali yalipandishwa saa ngapi. Chanjo inahitaji ubaridi. Taa ya chumba cha kujifungulia ndiyo inayohitaji umeme wenyewe, dakika ileile, bila kukosa. Ninyi mmeyaweka mahitaji haya matatu juu ya betri zilezile, na hapo ndipo zilipofia.

Tazama hesabu. Betri 8 za volti 12 na Ah 200 zina jumla ya wati-saa 19,200, yaani uniti 19.2, uniti zilezile ambazo watu wa mjini wananunua kwa LUKU. Lakini betri ya asidi inayotegemewa kila siku haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo akiba yenu ya kweli ilikuwa uniti 9.6. Pampu ya kilowati 2.2 kwa saa 3 inakula uniti 6.6, mkiongeza zile 6 za matumizi mengine mnapata 12.6, na kwa kuwa inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumiwa na vyombo vya kawaida, nayo inapoteza kama sehemu moja ya kumi, betri zililazimika kutoa karibu uniti 14 kila usiku. Hiyo ni asilimia 73 ya uwezo wake wote. Betri ya asidi inapotoa umeme, risasi iliyomo kwenye sahani zake hugeuka kuwa salfeti ya risasi, na inapochajiwa salfeti hiyo hurudi ilikotoka. Isipochajiwa ikajaa kabisa, chembe za salfeti hukomaa, hushikamana na sahani na hazirudi tena, na kila chembe isiyorudi ni sehemu ya betri iliyokwisha kupotea. Kujaza sehemu ya mwisho ya betri hizi huchukua saa nyingi hata jua likiwa kali, na paneli zenu zilikuwa zikigawana jua hilo na pampu, kwa hiyo nina hakika betri hazikuwa zikijaa isipokuwa siku chache sana.

Juu ya hayo kulikuwa na bati. Watengenezaji wengi hukadiria umri wa betri za asidi kwa joto la nyuzi 25, na kanuni inayokubalika ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri huo kwa nusu. Mnaoishi Kanda ya Kati mnajua jinsi Oktoba na Novemba zilivyo kabla ya mvua, na chumba cha bati kisicho na dari huwa na joto kuliko kivuli cha nje. Kwa hiyo msiwaambie wanakijiji kwamba waliuziwa betri mbovu kabla ya kujiridhisha. Betri nzuri nazo zingekufa katika mazingira hayo.

Sasa tuondoe mzigo mmoja baada ya mwingine, tukianza na pampu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikila zaidi ya nusu. Tukichukulia kwamba kutoka usawa wa maji kisimani hadi mdomo wa tangi ni mita 60, na kwamba pampu ndogo pamoja na mota yake ina ufanisi wa asilimia 45, uniti 6.6 mlizokuwa mkizitumia usiku zinapandisha lita 18,000 hivi. Matangi mawili ya plastiki ya lita 10,000 kila moja, yaliyoinuliwa juu ya jukwaa la zege, yanafanya kazi yote ambayo betri zilikuwa zikiifanya usiku kwa ajili ya maji, na tangi halina idadi ya kujazwa na kumwagwa inayolichosha. Zipo inveta za pampu za sola zisizohitaji betri hata kidogo. Jua likiwa dogo asubuhi pampu huzunguka polepole, likikaza nayo huongeza mwendo. Umeme unaokwenda moja kwa moja kutoka kwenye paneli hadi kwenye pampu haupotezi ile asilimia 15 hadi 20 ambayo betri ya asidi huimeza kati ya kuchajiwa na kutumika. Angalizo langu hapa ni moja: kisima chenu kilikuwa kinapumzika baada ya kazi ya mchana na kufanya kazi tena usiku, na sasa mtakitaka kitoe maji yote mchana. Angalieni taarifa ya upimaji wa kisima inasema kinatoa lita ngapi kwa saa, na mfunge kifaa cha kuzima pampu maji yanaposhuka, maana pampu ikizunguka bila maji inaungua.

Friji ya chanjo nayo ina njia yake, na ni njia iliyokwisha kuthibitishwa. Kilo 1 ya barafu inapoyeyuka hufyonza joto la kilojuli 334, karibu sehemu moja ya kumi ya uniti, na hufanya hivyo huku joto lake likibaki nyuzi 0. Kwa msingi huo zimetengenezwa friji za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja: paneli zake hugandisha barafu au kitu kinachofanana nayo katika kuta za friji wakati wa mchana, na kuta hizo huiweka chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 usiku kucha. Friji za aina hii zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani hutakiwa kustahimili angalau siku 3 bila jua la kutosha. Chanjo za serikali zina utaratibu wake, kwa hiyo msinunue wenyewe. Lizungumzeni na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na mkatae kabisa wazo la kuweka chanjo katika friji ya kawaida ya nyumbani kwa sababu tu ni ya bei nafuu.

Baada ya hapo zinabaki uniti 4 kwa usiku: taa, simu, kompyuta ya zahanati, mashine ndogo za tiba, na nyumba za watumishi. Hizi ndizo zinazostahili betri, na hapa ndipo swali la muuzaji wako linapoingia.

Betri ya asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na bado inawasha mamilioni ya magari kwa sababu inatoa nguvu kubwa kwa muda mfupi kwa bei ndogo. Betri za lithiamu zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na waliozijenga kisayansi, yaani Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Lakini neno lithiamu peke yake halitoshi, kwa kuwa zipo koo kadhaa. Ile yenye kobalti, mara nyingi pamoja na nikeli, hubeba umeme mwingi katika uzito mdogo na ndiyo inayopendwa kwenye simu na magari mengi. Ile ya lithiamu, chuma na fosfeti ni nzito zaidi, ila inavumilia joto vizuri zaidi, haishiki moto kirahisi, na huchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Kwa zahanati isiyo na haja ya kubeba betri mgongoni, ya chuma na fosfeti ndiyo ninayoipendekeza, na naomba muuzaji aiandike kwa jina hilo kwenye ankara.

Kuhusu bei, msilinganishe betri kwa betri, bali mlinganishe kwa kila uniti itakayotoka katika maisha yake yote. Betri ya asidi ya kutumiwa kila siku, ikitunzwa na kutumiwa nusu, nitaipa mizunguko 1,000 ya kuchajiwa na kutumiwa. Basi kila uniti 1 ya ukubwa wake itatoa uniti 500 kabla ya kustaafu. Lithiamu ya chuma na fosfeti iliyo bora, ikitumiwa asilimia 80, nitaipa mizunguko 4,000, nayo itatoa uniti 3,200. Kwa hiyo hata ikiuzwa mara 3, kila uniti mtakayoitumia itakuwa imewagharimu chini kidogo ya nusu ya ile ya asidi. Tena inarudisha asilimia 92 hadi 95 ya umeme ilioupokea, na haidhuriki ikikaa nusu bila kujaa, jambo ambalo katika wiki za mawingu kati ya Desemba na Aprili lina thamani kubwa. Udhaifu wake mmoja ni kwamba haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0. Watu wa nyanda za baridi kali kama Makete wana la kuangalia hapo, ninyi hamna.

Hesabu hii hubadilika matumizi yakibadilika. Duka au ofisi ya Dodoma mjini yenye umeme wa TANESCO, ambayo inahitaji akiba mara moja moja umeme ukikatika, haitafikisha mizunguko 1,000 hata baada ya miaka 10, na betri itakufa kwa uzee kabla ya kufa kwa kazi. Mtu wa namna hiyo akinunua betri ya asidi iliyofungwa, akaiweka mahali penye ubaridi na kuiacha ikiwa imejaa wakati wote, sitambishia. Ninyi mnaitegemea kila usiku, na kwenu lithiamu ndiyo inayoshinda.

Niende mlimani, maana wazo la fundi wenu si la kudharauliwa, na milima ya Kiboriani ipo pale kila mtu anaiona. Mita 1 ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, ikiwa juu kwa mita 100 ina nishati ya uniti 0.27, basi. Mashine ndogo ya kufua umeme yenye ufanisi wa asilimia 60 itatoa humo uniti 0.16. Ili mpate uniti 4 za usiku mmoja mtahitaji kushusha lita 25,000 hivi kutoka urefu huo, na kuzipandisha tena kesho yake kutahitaji karibu uniti 15 za jua. Mtakuwa mmetumia uniti 15 kupata 4, tena kwa matangi mawili makubwa, moja juu na moja chini, bomba refu linalostahimili shinikizo, na maji ambayo wananchi wangeyanywa. Betri mbili ambazo mtu anaweza kuzisimamisha ukutani zinafanya kazi hiyo na kubakiza.

Kinachoifanya njia hiyo ifae kwa mataifa ni ukubwa. Mashine kubwa za maji zina ufanisi unaofika asilimia 90, na mabwawa yake hupimwa kwa mamilioni ya mita za ujazo, ndiyo maana mitambo hiyo hurudisha asilimia 70 hadi 80 ya umeme uliotumika kupandisha maji. Afrika Kusini inao wa Drakensberg wenye megawati 1,000 na wa Ingula wenye megawati 1,332. China imejenga wa Fengning wenye megawati 3,600. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya umeme uliohifadhiwa kwa ajili ya gridi duniani ilikuwa ni maji yaliyopandishwa, na betri zimeanza kushindana nayo hivi karibuni tu.

Na hapa, ndugu Katibu, niruhusu niseme jambo linaloihusu mikoa yetu, kwa sababu ninalipenda na sioni likizungumzwa vya kutosha. Tayari tunayo ghala kubwa ya umeme mpakani mwa Dodoma na Iringa. Bwawa la Mtera kwenye Mto Ruaha Mkuu lina mitambo ya megawati 80, na maji yaleyale yakishapita hapo huteremka hadi Kidatu na kufua umeme tena kwa mitambo ya megawati 204. Sola ikijengwa kwa wingi katika nchi kavu ya Kanda ya Kati, na upepo wa Singida ukitumika, mchana mashine za Mtera zingeweza kupunguzwa, maji yakabaki bwawani, kisha yakaachiwa kuanzia saa 1 usiku watu wanapowasha taa na majiko. Hiyo ni hifadhi ya umeme isiyohitaji pampu wala bwawa la pili, na njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga imekwisha kujengwa. Tunakumbuka mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011, mabwawa yalipokauka. Kila uniti ya jua inayotumika mchana ni maji yaliyosalimika kwa ajili ya ukame ujao. Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine 9 na megawati 2,115 linaweza kufanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Betri kubwa za gridi zina sifa nyingine: hujibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde mtambo unapozimika ghafla. Ile ya Hornsdale huko Australia, iliyoanza kazi mwaka 2017 ikiwa na megawati 100, ilikuwa na akiba ya megawati-saa 129, yaani zaidi kidogo ya saa 1 kwa nguvu yake yote. Bwawa hujibu polepole kuliko hapo, lakini huhesabu akiba yake kwa wiki na miezi. Teknolojia nyingine nitazipita haraka kwa sababu haziwahusu: hewa iliyoshindiliwa ardhini, kama ya Huntorf nchini Ujerumani tangu 1978, inahitaji mapango ya chumvi, magurudumu mazito yanayozunguka hushika umeme kwa dakika chache tu, betri za majimaji ya vanadiamu ni nzuri kwa saa nyingi lakini zinataka matangi, pampu na fundi wa kudumu, na haidrojeni, kuanzia kupasua maji hadi kupata umeme tena, hurudisha kama theluthi moja tu ya kilichowekwa.

Kwa hiyo mnunue betri mbili za lithiamu ya chuma na fosfeti za volti 51.2 na Ah 100, jumla uniti 10.2, ambazo kwa uniti 4 za usiku zitawafikisha karibu usiku wa pili hata kama siku nzima imekuwa ya mawingu. Ikiwa betri zenu 8 zilifungwa kwa volti 48, huenda inveta yenu ikafaa, ila fundi lazima abadilishe vipimo vyake: kiwango cha kuchaji kifuate maelekezo ya betri, mara nyingi karibu volti 56, na ile hali ya kusawazisha, yaani kuchaji kwa volti za juu kunakotumika kwa betri za asidi, izimwe kabisa. Fungeni fyuzi kati ya betri na inveta. Msichanganye betri mpya na yoyote ya zamani. Ziwekeni ndani ya zahanati, kwenye chumba chenye dari na hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Kabla ya kulipa fedha yote, jazeni betri moja, kisha iachieni mzigo wa wati 500 usiobadilika mkihesabu saa. Betri ya uniti 5.1 iendeshe mzigo huo kwa saa 9 hivi baada ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Ikizima katika saa ya 5 au ya 6, ndani yake mna seli zilizokwisha kutumika mahali pengine, na dhamana ya miaka 10 iliyobandikwa juu ya boksi haitawasaidia. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, tafuteni mwingine.

Hujaniambia betri 8 zilizokufa ziko wapi, na hilo linanitia wasiwasi kuliko yote. Betri ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 60 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Risasi hudhoofisha akili ya mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa uliharibiwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mahakama ya Kenya ikaamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia. Asidi yake isimwagwe karibu na kisima, na asiruhusiwe kijana yeyote kuzivunja ili ayeyushe risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu. Zisimamisheni wima ndani ya chumba kinachofungwa, juu ya karatasi nzito ya plastiki, wasifike watoto wala mifugo. Kisha muulizeni afisa mazingira wa wilaya awape jina la mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, mziuze kwa kilo, na stakabadhi ya mauzo hayo iingizwe kwenye vitabu vya jumuiya kama sehemu ya fedha za kununulia betri mpya.